Msimnyang'anye Bibi Jembe Lake

Akina mama wenzetu, huku kwetu Gendabi, chini ya Mlima Hanang, ipo heshima moja ambayo mwanamke huitazamia tangu siku anapojifungua mtoto wa kiume. Ni heshima ya kupumzika. Mwanawe akioa, majirani humwambia, "Sasa umepata wa kukuchotea maji." Akioa wa pili na wa tatu, mama huyo huhesabiwa kuwa amefika. Kazi yake inabaki kuota jua la asubuhi, kuletewa uji, kuamkiwa na kubariki watoto. Mama mwenye wakamwana watatu akionekana njiani na mzigo wa kuni, hasemwi yeye. Wanaosemwa ni wakamwana.

Sisi ndio wakamwana watatu. Tumeolewa na ndugu wa tumbo moja, nyumba zetu zimo katika ua mmoja, na mama mkwe wetu anaishi katikati yetu. Umri wake haukuandikwa popote, lakini nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961 yeye alikuwa msichana anayekaribia kuolewa, kwa hiyo tunamkadiria kuwa amepita miaka 80. Mama huyu bado ana jembe lake. Lina mpini mwepesi, linakaa nyuma ya mlango wake, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kulichukua. Kwa sababu ya jembe hilo tumesemwa sana kisimani na sokoni. Ndiyo maana tumeona tuwaandikie ninyi wenzetu mnaotunza wazee, tuwaeleze kwa nini tumeliacha mikononi mwake.

Alipokwenda kupumzika mjini

Miaka kadhaa iliyopita shemeji yetu anayefanya kazi Arusha alikuja kumchukua mama akapumzike. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Mama alitembea kwa miguu yake mwenyewe hadi barabarani, akapanda basi. Huko mjini alipewa chumba chake, godoro zuri, kochi na televisheni. Msichana wa kazi alimpikia, alimfulia na kumtandikia kitanda. Hakunyanyaswa hata siku moja, wala hakulala njaa.

Baada ya miezi saba aliomba arudishwe nyumbani. Siku aliposhuka garini alishikwa huku na huku na watu wawili. Uso ulikuwa umejaa, lakini mapaja yalikuwa yamekonda. Tulipomkaribisha kwenye kigoda chake alikaa vizuri, ila kuinuka alishindwa mpaka akavutwa mikono.

Hata hivyo, miguu si jambo lililotutia hofu kuliko yote. Mama huyu alikuwa akijua habari za kila mbuzi wa ukoo, nani kazaa, nani anadaiwa, mtoto gani kakataa kwenda shule. Sasa alikuwa kimya. Wajukuu wakimwamkia aliitikia, basi. Chakula alikigusa kidogo na kukisukuma. Usiku tulimsikia akigeuka geuka hadi jogoo wa kwanza. Tulipomuuliza anaumwa wapi, alisema haumwi mahali. Siku moja ndipo aliposema maneno ambayo hatuyasahau: "Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikaa kwa mwanangu miezi saba, sikupewa hata ufagio."

Majirani walisema huo ni uzee tu, umeingia kwa kasi. Wako waliosema amefanyiwa kitu. Mganga wa zahanati alimpima, akaona presha si mbaya wala hana ugonjwa mkubwa. Alituambia maneno mafupi: mama hakuzeeka kwa miezi saba, amekaa kwa miezi saba.

Misuli isiyotumika

Tukaanza kuuliza na kusoma. Tuliyoyapata ni haya. Mwili wa binadamu huanza kupoteza misuli polepole baada ya miaka 30 hivi, na upotevu huo huongezeka kasi baada ya miaka 60. Hilo hakuna awezaye kulikwepa kabisa. Lakini mzee anapoacha kutumia viungo vyake, misuli huondoka upesi mno kuliko ya kijana. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wazee wenye afya njema walilazwa kitandani kwa siku kumi tu. Kwa siku hizo kumi miguu yao ilipoteza karibu kilo nzima ya nyama. Hebu fikirini basi miezi saba ya kochi.

Habari njema ni kwamba misuli ya mzee husikia ikiitwa tena. Mwaka 1990, daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston, Marekani, walitoa taarifa ya wazee dhaifu wa miaka 90 hivi waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Wazee hao walifanyishwa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa wiki nane. Nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya maradufu, na wawili kati yao wakaacha kutembelea fimbo. Ikiwa mtu wa miaka 90 anaweza kurudishiwa nguvu kwa wiki nane, basi neno "uzee tu" lisitufunge mikono.

Sisi hatuna mashine za mazoezi, wala hatukuzihitaji. Tulianza na kigoda. Asubuhi na jioni mama alikaa na kuinuka mara tano, mmoja wetu akiwa mbele yake bila kumvuta. Mwanzoni alishika ukuta. Kisha alitembea hadi zizini na kurudi. Kisha tukamkabidhi mbuzi watatu, awafungulie asubuhi na kuwahesabu jioni. Tukampa gunia la mahindi la kupukuchua taratibu, na ungo wa kupetea maharage, kwani mikono nayo ina misuli yake. Mvua za kwanza zilipokaribia, yeye mwenyewe aliulizia jembe. Mume wa mdogo wetu alilitafutia mpini mwepesi, na mama akatengeneza tuta moja la mnavu na mchicha nyuma ya nyumba.

Na sauti ilirudi pamoja na miguu. Alianza kwa kutugombeza kwamba tumewaacha mbuzi wakakonda. Wenzetu, hatujawahi kufurahia kugombezwa kama siku ile!

Mabibi wa Bonde la Yaida

Wengine husema haya ni mambo ya Wazungu na wazee wao. Basi tutazame jirani zetu. Ukitoka Katesh ukapita Basotu na Haydom kuelekea Ziwa Eyasi, unafika Bonde la Yaida, katika Wilaya ya Mbulu. Huko wanaishi Wahadzabe, ambao kwa muda mrefu wamejipatia chakula kwa kuwinda, kurina asali, kuchuma matunda na kuchimba mizizi. Katika miaka ya 1980 mtaalamu mmoja mwanamke, Kristen Hawkes, pamoja na wenzake, walikaa na jamii hiyo wakihesabu saa za kazi za kila mtu. Walishangaa. Wanawake wenye mvi, waliokwisha acha kuzaa, ndio waliokuwa wakitumia saa nyingi zaidi porini kutafuta chakula kuliko binti zao. Tena waliona kwamba mama mdogo anapojifungua na kubaki na kichanga, afya ya watoto wake wakubwa hutegemea sana kazi ya mikono ya bibi.

Fikirini maana yake. Bibi huyo anapotoka asubuhi na mti wake wa kuchimbia, hafanyi mazoezi. Anakwenda kulisha wajukuu, naye anajua wanamngoja. Nguvu za mwili na furaha ya moyo anazipata katika safari moja.

Utafiti mwingine wa mwaka 2020 uliona kwamba Wahadzabe nao hupumzika sana, kama saa kumi kwa siku, karibu sawa na watu wa mjini. Tofauti iko katika namna ya kupumzika. Wao huchuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo hata wakati wa mazungumzo. Kwa hiyo tusikimbilie kukitupa kigoda cha bibi na kumletea kochi. Kama magoti yake yanakubali, kigoda ni rafiki yake.

Mtu anahitaji cha kuamkia

Jambo la moyo tulilifahamu vizuri zaidi baada ya msiba uliotupata. Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi, mvua kubwa iliporomosha tope, mawe na miti kutoka Mlima Hanang. Tope hilo likashuka juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi kikiwemo. Watu zaidi ya 80 walifariki. Ua wetu ulinusurika kwa kuwa mkondo ulipita upande mwingine, lakini tulizika watu tuliokuwa tukiazimana nao chumvi.

Msaada ulikuja kutoka kila pembe ya nchi, na tunashukuru. Vilikuja vyakula, mablanketi, dawa, na baadaye nyumba mpya zilizojengwa na kukabidhiwa huko Waret kwa waliopoteza makazi yao. Watoto walirudi shule, vijana walitafuta vibarua. Lakini baadhi ya wazee walibaki wamekaa tu.

Mzee mmoja tuliyemzoea tangu tulipoolewa alipoteza ng'ombe wake wote na shamba lake likafunikwa mawe. Ndugu zake walimchukua wakamlisha vizuri. Tulipokwenda kumpa pole kwa mara ya tatu tulimkuta amekaa pale pale tulipomwacha mara ya pili. Alisema, "Chakula nimepewa. Shuka nimepewa. Lakini sina cha kuamkia."

Mwaka mzima wa kuambiwa "pole, jikaze" haukumsaidia kama kondoo wawili aliopewa na mpwa wake awachunge karibu na nyumba. Hatusemi amepona. Mvua ikinyesha usiku bado anaamka na kusimama mlangoni hadi ikatike. Ila asubuhi anatoka, anatembea, anakutana na watu, na akikutana nao anazungumza habari za kondoo wake.

Tunawaomba wenzetu mjue dalili hizi. Mzee mwenye huzuni nzito mara nyingi halii. Hulalamika kichwa, mgongo au tumbo, na dawa hazimsaidii. Huacha kula vizuri, hukosa usingizi au hulala mchana kutwa. Huacha kuoga, huacha kwenda kanisani na kwenye jumuiya, husema yeye ni mzigo, au hujisemea kwamba heri angekufa. Hiyo inaitwa sonona. Ni ugonjwa, nao una tiba. Msiuite ukaidi wala msiseme anarudi utotoni. Mpelekeni kwa daktari, na maneno ya kutaka kufa msiyapuuze hata yakisemwa kwa utani.

Kazi iwe na kipimo

Sasa tusieleweke vibaya. Hatusemi wazee wafanyishwe kazi. Wako mabibi katika vijiji vyetu wanaolea wajukuu watano au sita walioletwa kutoka mjini bila hata sabuni. Bibi wa miaka 70 anabeba ndoo ya lita 20 mlimani, analima shamba zima, anapika, anauguza, na usiku hana wa kumwuliza amechoka kiasi gani. Huyo hahitaji kuongezewa kazi. Anahitaji mwana wake akumbuke alikotoka. Mzigo kama ule huvunja mgongo na moyo pamoja.

Kipimo tunachotumia sisi nyumbani ni hiki. Kwanza, kazi iwe ni ya uchaguzi wake. Mama anasema leo atalima au hatalima, nasi hatumwulizi sababu. Pili, mzigo upunguzwe, kazi isiondolewe. Badala ya ndoo ya lita 20, dumu la lita 3. Badala ya eka, tuta. Badala ya kundi la ng'ombe, mbuzi watatu. Tatu, aweze kuzungumza huku akifanya. Akianza kuhema hadi maneno yanakatika, apumzike. Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au akianguka, kazi isimame na apelekwe hospitali. Nne, kazi iwe ya kweli. Msimpe mzee kazi ya kumbembeleza kisha mkairudia nyuma yake. Mboga alizopanda mama ndizo tunazopika, na wageni wakisifu tunasema ni za nani.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wa miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za shughuli za wastani kwa wiki, kama kutembea kwa haraka kidogo. Linashauri pia mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi, na ya kusimama imara siku tatu, ili wasianguke. Mama yetu hajui kuhesabu dakika hizo. Lakini njia ya kanisani ina mlima wake, kigoda kipo, na mbuzi hawana Jumapili.

Chakula nacho kisisahauliwe. Desturi ya kumpa mzee uji mtupu asubuhi na jioni kwa kuwa hana meno inamnyima vya kujengea misuli. Maziwa ya mgando tunayo, maharage yaliyoiva hadi kupondeka tunayo, mayai na dagaa vilivyosagwa vinapatikana. Mzee ale kidogo kidogo mara nyingi, na asile peke yake. Mama yetu hula vizuri pale tu wajukuu wanapozunguka sahani.

Macho nayo yachunguzwe. Wazee wengi huacha kutoka nje kwa sababu ya mtoto wa jicho, nasi tukadhani wamechoka. Ni jambo linaloweza kufanyiwa upasuaji. Kwa Sera ya Afya ya mwaka 2007, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bila malipo, kwa hiyo ulizeni katika serikali ya kijiji utaratibu wa kumtambulisha.

Na mkononi mwake awe na chochote. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni, mwanzoni shilingi 20,000 kwa mwezi, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Huku kwetu bara mama mkulima hutegemea watoto, mifugo na shamba lake, na kaya maskini husaidiwa na TASAF. Basi fedha ya mboga anazouza mama yetu ni yake. Hatumwulizi imekwenda wapi. Tunachojua ni kwamba wajukuu hawakosi pipi, na sadaka yake hukunjwa kwenye ncha ya kanga tangu Jumamosi.

Kuhusu majirani, bado wanasema. Wiki iliyopita tu mmoja alituuliza mbele ya watu kama hatuoni aibu, wanawake watatu wazima, bibi yuko shambani. Kabla hatujajibu, mama alitokea nyuma na fungu la mnavu, akampa yule jirani akapike, akamwuliza habari za mkwe wake aliyejifungua. Jirani alipokea kwa mikono miwili.

Mzee hatabaki na nguvu siku zote. Tunajua siku itafika mama hataweza kuinua hata jembe lile jepesi, na hapo tutamlisha na kumgeuza kitandani kwa mikono yetu, kama alivyowafanyia waume zetu. Siku hiyo haijafika, na si sisi wa kuiharakisha. Wenzetu wa Mbulu, wa Singida, wa Pwani na kwingineko, ninyi mnafanyaje na wazee wenu? Tuandikieni. Yako mengi ambayo hatuyajui, na mama yetu naye amesema tumsomee barua zenu akiwa anapukuchua mahindi.